Kapu la Mama Bei

Sehemu ya Kumi na Moja

Kwanza nitubu. Wiki iliyopita nilimwacha Mama Bei kwenye korido ya Ofisi ya Takwimu, mkono wa mtu asiyejulikana umemshika bega kwa nyuma, halafu mimi nikaenda zangu kula. Nanyi mkakaa na presha siku saba.

Wasomaji tisa wamepiga simu gazetini. Wa kumi amekuja mwenyewe, kwa miguu, na hasira. Wote wanauliza jambo moja: mwandishi, hadithi hii si ni ya mwaka wa ugonjwa? Mwaka ule nani alimshika nani bega? Mwaka ule mtu alikuwa anamsalimia mama yake mzazi kwa kiwiko!

Nimekubali. Nimekosa. Mkono haukuwepo. Ulikuwa mpini wa mopu.

Na upande wa pili wa mopu, mita mbili kamili kutoka bega la Mama Bei, alisimama mdogo wake wa kiume, yule Kinyozi.

"Dada, geuka taratibu. Usipige kelele."

"We! Unanichoma na mopu ofisini kwangu?"

"Mlinzi kaniambia nisimkaribie mtu yeyote. Nimetii."

Kwa mkono mwingine alishika bahasha ya kaki yenye muhuri. Mama Bei akaiangalia bahasha ile. Muhuri wa serikali anaujua. Ameishi nao miaka kumi na minne.

"Soma," akasema Kinyozi.

"Soma wewe. Mimi sina miwani."

"Iko kichwani, dada."

"Hiyo ni ya mbali."

Kinyozi akasogea mwangani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. "'Ndugu Mwombaji. Ombi lako la ruzuku kwa biashara zilizofungwa kutokana na ugonjwa limekataliwa. Kumbukumbu za Ofisi ya Takwimu zinaonyesha kwamba saluni yako ilikuwa wazi miezi yote mitano, na ilinyoa watu wazima wa kiume kwa bei isiyobadilika. Tunakupongeza kwa uvumilivu wako.'"

"Wamekupongeza?"

"Wamenipongeza. Na muhuri juu." Akakunja barua. "Nilimnyoa nani mimi, dada? Walisema kila mtu akae mita mbili na mwenzake. Sasa mteja yuko mita mbili, unamnyoa na nini? Upinde na mshale? Nimefunga tangu wiki ya kwanza, mtaa mzima unajua. Nauliza tu: nani aliyewaambia nilikuwa wazi?"

Mama Bei akawa mpole ghafla, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Maana hapa chini wameandika," Kinyozi akaendelea, "'taarifa imekusanywa na mkusanyaji namba kumi na saba.' Unamjua?"

Kitambulisho cha Mama Bei kilikuwa kinaning'inia shingoni, namba ikisomeka hata na kipofu. Akakitumbukiza ndani ya blauzi.

"Unaficha nini?"

"Nasikia joto."

"Mtu akisikia joto anafungua, dada. Hafuniki."

Kwa wewe uliyeikuta hadithi hii kwenye gazeti lililofungia sabuni, nikueleze upesi kabla hawa wawili hawajagombana. Mama Bei ni mkusanya bei. Kila mwezi anazunguka mjini na fomu yake, anaandika bei za vitu mia mbili na kumi: unga, viberiti, nauli, kukodi ukumbi, soli ya kiatu. Wakubwa wanavitia vyote kwenye hesabu moja wanayoiita kapu. Kapu likiwa zito, maisha yamepanda. Kapu likitulia, Waziri anatabasamu.

Na humo kapuni, kitu namba mia na sita ni "kunyoa nywele, mtu mzima wa kiume." Saluni ya kupimia bei hiyo Mama Bei aliichagua mwenyewe miaka mingi iliyopita. Aliichagua kitaalamu kabisa: iko mitaa miwili kutoka kwake, mwenyewe ni mdogo wake, na kuna kiti cha kupumzikia miguu.

"Mdogo wangu," akasema, "nilikurudia."

"Ulinirudia wapi?"

"Kwenye fomu. Kanuni yetu inasema, ukifika dukani ukakuta kitu hakipo, rudia bei ya mwezi uliopita. Basi. Ugonjwa ukaja, tukaambiwa tufanye kazi nyumbani. Nikakaa mezani, nikaangalia saluni yako: mwezi uliopita bei gani? Nikarudia. Mwezi wa pili nikarudia. Wa tatu..."

"Mitaa miwili, dada! Hukuweza hata kuchungulia?"

"Niliogopa ugonjwa."

"Si ungepiga simu!"

"Ningekupigia nikuulize nini? Ndugu yangu, unanyoa? Ungelia, na mimi ningelia, na fomu ingechelewa."

Na wala hakuwa peke yake. Wakusanya bei arobaini na wawili nchi nzima walikaa mezani kwao na chai, wakarudia. Wa nauli akarudia nauli. Wa hoteli akarudia vyumba. Wa ada akarudia ada za shule zilizokuwa na popo madarasani. Ndiyo maana mwaka ule, watu walipouza makabati yao ili wanunue unga wa kuweka kwenye makabati, redio ikatangaza kwamba bei zimetulia kuliko wakati wowote katika historia. Uchumi ulikuwa na afya njema kabisa. Wagonjwa walikuwa watu tu.

Kinyozi akaegemea ukuta. "Mwenye nyumba amenipa hadi Jumatatu. Muuza barakoa ameshakuja kupima chumba kwa futi kamba. Akanipimia mbele ya macho yangu, dada, huku nimekaa! Akaniomba ninyanyue mguu apitishe kamba. Bila ruzuku ile, saluni imekwenda. Na rufaa mwisho wake leo, saa sita mchana."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

Mama Bei akatoa kitambulisho ndani ya blauzi. Akakinyoosha.

"Nisubiri hapa."

*

Mkuu wa Kitengo alikuwa amekaa nyuma ya pazia la nailoni, kama nyama ya buchani. Barakoa yake ilikuwa inalinda kidevu.

"Mkuu, nataka kurekebisha bei moja."

"Iliyopanda au iliyoshuka?"

"Ambayo haikuwepo."

Mkuu akaweka kikombe chini. "Mama Bei. Miaka kumi na minne sijawahi kukusikia ukitukana."

"Saluni namba mia na sita ilifungwa. Sikwenda. Nilirudia bei mara tano."

"Kanuni inaruhusu."

"Kanuni inaruhusu mara moja, mswaki ukikosekana dukani! Nchi nzima ikikosekana, kanuni haisemi kitu."

"Kwa hiyo haijakataza." Mkuu akainua kidole. "Sikiliza. Nikikuachia saluni leo, kesho atakuja wa ukumbi wa harusi. Keshokutwa wa mabasi. Unajua nauli za basi zilivyotulia mwaka huu? Hazijawahi kutulia hivi tangu basi la kwanza liingie nchi hii!"

"Mabasi hayakutembea, Mkuu."

"Ndiyo maana zilitulia!"

"Mdogo wangu ananyimwa ruzuku kwa ajili ya namba yangu."

"Na Waziri anasifiwa kwa ajili ya namba yako hiyo hiyo. Nchi jirani wameandika barua wanauliza tumefanyaje."

"Tulikaa nyumbani."

Mkuu alikuwa anafungua mdomo amjibu, simu ikalia. Akaangalia namba. Akasimama. Akapandisha barakoa hadi puani, kana kwamba aliyepiga angemwona.

"Ndiyo, mheshimiwa... Biashara iliyovumilia? Zipo, zipo nyingi... Ya karibu? Ipo. Ndiyo. Ndiyo... Mtu wa nyumbani kabisa, hawezi kutuaibisha... Saa tano na nusu. Sawa."

Akakata. Akakaa. Aliporudi kumtazama Mama Bei, uso ulikuwa umelainika kama mkate uliomwagikiwa chai.

"Mama Bei, nimekuelewa."

"Umeelewa nini?"

"Ndugu ni ndugu. Nenda saluni, upige picha za ndani. Ionekane haijatumika. Vumbi, utando wa buibui, mambo kama hayo. Niletee nitasaini marekebisho, rufaa yake inapita."

"Kweli, Mkuu?"

"Mimi si mnyama. Ila picha ya ndani inataka mwanga, mfungue mlango wote. Na mdogo wako awepo."

Mama Bei alifika mlangoni akageuka. "Na wakiuliza nani aliandika kwamba saluni ilikuwa wazi?"

"Wewe."

"Watanifukuza?"

"Hilo," akasema Mkuu, na kushika kikombe chake, "liko kwenye jedwali jingine."

*

Njiani ndugu wawili walitembea kila mmoja upande wake wa barabara, wakizungumza kwa kupaza sauti kama watu wenye ugomvi.

Mtaa ulikuwa umebadilika kazi. Mwalimu wa hisabati alikuwa anauza barakoa, na chenji anakosea. Mshereheshaji wa harusi alikuwa na toroli la nyanya na kile kipaza sauti chake cha zamani. "Mabibi na mabwana," alikuwa anaunguruma, "tusimame sote, tumpokee kitunguu!"

Hakusimama mtu. Wote walikuwa wamesimama tayari, wanauza.

"Dada," akapaza sauti Kinyozi, "ukisaini kwamba ulidanganya, kazi imekwenda. Watoto wako watakula nini?"

"Wewe chumba kikienda hukipati tena! Mimi nitatafuta kazi nyingine."

"Utaipata wapi? Nchi imefungwa!"

"Haijafungwa! Takwimu zinasema iko wazi!"

Wakasimama katikati ya barabara isiyo na gari, wakacheka mpaka Mama Bei akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza wanacheka pamoja kwa miezi mitano. Halafu wakakumbuka saa.

Mlangoni Kinyozi akaweka ufunguo kwenye kufuli, akasita. "Ngoja kwanza. Ndani mna wageni."

"Wageni gani?"

Akasukuma mlango.

Mashine mbili za kukaushia nywele za akina mama, zile zenye kofia kubwa kama za marubani, zilikuwa zinanguruma. Chini ya kila kofia, kwenye beseni la kuoshea vichwa, vilijazana vifaranga. Vya manjano. Sitini na zaidi, vinaota joto kama wake wa wakubwa.

"Hivi ni nini?"

"Vifaranga."

"Naona kwamba ni vifaranga! Vinafanya nini kwenye beseni la nywele?"

"Vinakua."

"Wewe mtoto! Mkuu anataka picha ya saluni iliyokufa, wewe umeweka shamba!"

"Ulitaka nile nini, dada?" Kinyozi hakupaza sauti. "Ile bei yangu isiyobadilika?"

Mama Bei aliangalia mikono ya mdogo wake. Ile mikono aliyokuwa anaitania kwa ulaini, ya poda na mafuta, ilikuwa imepasuka kwa chokaa ya kusafishia kinyesi cha kuku. Miezi mitano. Mitaa miwili.

Akavua koti la ofisi, akalitundika. "Lete maboksi."

Wakabeba vifaranga kwenda uani, boksi moja moja. Mama Bei alidonolewa kidole akatukana tusi ambalo gazeti hili haliwezi kuchapa, maana linasomwa na mama mkwe wangu. Wakafagia. Wakapiga deki. Wakafuta vioo. Wakasugua beseni. Saa tano na dakika kumi wakasimama mlangoni kuangalia kazi yao.

Saluni ilikuwa inametameta. Ungeweza kumfanyia mtu upasuaji pale.

"Dada."

"Nimeona."

"Tumesafisha mno. Hii inaonekana imefunguliwa leo na rais."

"Vumbi!" Mama Bei akapiga kofi. "Tunataka vumbi la miezi mitano kwa dakika kumi. Una nini?"

Kinyozi akafungua kabati. Lilikuwa na makopo manne ya poda ya kunyolea, hayajaguswa tangu ugonjwa uanze. Wakaangaliana.

Sijui kama umewahi kumwona mtumishi wa umma mwenye stashahada, miaka arobaini na saba, akirusha poda juu kwa viganja kama mtu anayepanda mbegu. Walimwaga kwenye viti, kwenye vioo, sakafuni. Kinyozi akachukua uzi wa kuwatolea akina mama nyusi, akaufunga kona ya kioo, ukawa utando wa buibui. Kwa mbali, ukifumba jicho moja, ilipendeza kabisa. Ilikuwa saluni ya marehemu.

"Simama pale, weka sura ya huzuni," akasema Mama Bei, simu mkononi.

"Hii hapa."

"Hiyo ya njaa. Nataka ya huzuni."

"Ndiyo hiyo hiyo, dada."

Akapiga picha. Simu ikalia kengele ya ujumbe. Akaisukuma pembeni kwa kidole, akapiga ya pili. Kengele tena. Akapiga ya tatu. Kengele ya tatu ikaja, na safari hii jicho lake likashika maneno mawili kabla hayajapotea: *Msifunge. Tunakuja.*

Ulitoka kwa Mkuu. Akamsomea mdogo wake.

"Wanakuja nani?" akauliza Kinyozi.

Nje, barabara ile isiyo na gari ikapata magari matano kwa mpigo.

Alianza kuingia mwenye kamera, kinyumenyume. Akafuata mwenye kamera mwingine. Kisha Mkuu wa Kitengo, anaangalia viatu vyake. Kisha suti nyeusi, na ndani ya suti, Waziri.

"Hii ndiyo ile saluni?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Mkuu akaviambia viatu. "Miezi mitano bila kufunga. Bei haikutikisika."

Waziri akavuta pumzi kubwa kupitia barakoa. "Poda! Mnasikia harufu ya poda? Hapa watu wananyolewa kwelikweli! Chukueni hiyo sakafu. Eeh, chukueni sakafu yote. Wateja wamejaa mpaka poda haijafagiliwa!" Akawageukia wenye kamera. "Wale wanaosema uchumi umelala, waje walale hapa."

Huko uani kifaranga kikalia.

"Simu ya nani?" akauliza Waziri.

"Yangu, mheshimiwa," akasema Mama Bei.

Waziri akavua kofia. Kichwa kilikuwa kama majani yaliyoliwa na mbuzi wawili wasioelewana.

"Mke wangu," akaeleza. "Miezi mitano." Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha katikati, akakaa. Poda ikapanda juu kama moshi, ikamshukia mabegani taratibu. Hata hakuona. "Fundi yuko wapi? Leo nataka wananchi wanione nimenyolewa mahali ambapo hapakufungwa hata siku moja. Halafu nitoe hotuba fupi."

Mama Bei akamvuta mdogo wake nyuma ya mashine ya kukaushia. Mita mbili zilisahaulika.

"Usiguse mashine," akanong'ona. "Ukimnyoa mbele ya kamera, umekiri ulikuwa wazi. Rufaa imekufa. Chumba cha muuza barakoa."

"Na nisipomnyoa?"

"Basi mimi nimelidanganya taifa, na taifa linaangalia."

"Sasa nifanye lipi, dada?"

Mama Bei akafungua mdomo. Kwa miaka kumi na minne, penye pengo aliandika kilichokuwepo mwezi uliopita. Mwezi uliopita hapakuwa na kitu cha kurudia.

Akamtafuta Mkuu kwa macho. Mkuu alikuwa amegundua jambo la muhimu sana kwenye dari.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Kamera mbili ziliwashwa taa nyekundu. Waziri alijiegemeza, akafumba macho, shingo ameiacha wazi kama mtu anayejiamini.

"Haya fundi," akasema. "Anzia nyuma ya masikio."

Kinyozi alimtazama dada yake. Dada alimtazama mwenye kamera. Mwenye kamera akasogea karibu zaidi.

"Fundi?" Waziri akasema, macho bado yamefumba. "Naomba uanze."